Darasa la Voliboli (4): Bloka wa Kati

Fainali ya wanaume ya Olimpiki ya London, Agosti 12, 2012: Brazil imeshachukua seti mbili, na katika ya tatu imefika mahali pa kubakiza pointi moja tu ya dhahabu. Katika seti hiyohiyo, kocha wa Urusi, Vladimir Alekno, alimtoa Dmitriy Muserskiy katikati ya wavu, mtu wa sentimita 218, akampeleka upande wa kulia kwenye nafasi ya mpigaji mkuu. Urusi ikapindua matokeo ikashinda 3-2. Muserskiy alimaliza na pointi 31.

Hadithi hii husimuliwa kumsifu kocha, na anastahili. Ila inatueleza zaidi kuhusu ile nafasi aliyotolewa. Mpigaji wa pembeni hupelekewa mpira hata mapokezi yakiwa mabovu. Wa kati hula pale tu mpira wa kwanza unapomfikia seta vizuri, karibu na wavu. Ukimpima kwa pointi alizofunga utamwonea.

Toleo lililopita tulimaliza habari za seta. Bloka wa kati ndiye anayelala akimfikiria seta wa upande wa pili. Akiwa mbele husimama namba tatu, mwenzake mmoja kila upande, na uwanja una upana wa mita 9. Wale wawili wana pembe zao. Yeye anadaiwa kote. Mpira ukipelekwa pembeni ana kama mita 3 za kukimbia, kisha asimame, aruke wima na kuziba mwanya kati ya mikono yake na ya mwenzake. Mbele ya seta mwepesi, yote hayo ni ndani ya sekunde moja hivi.

Ndiyo maana siafikiani na desturi ya kuchukua mtoto mrefu kuliko wote darasani na kumsimamisha kati. Urefu unasaidia, nani abishe, lakini mrefu anayechelewa huwa amefika kushuhudia tu.

Anayeanza huufuata mpira kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho. Mfundishe mpangilio: mpokeaji, seta, kisha mpigaji. Mapokezi yakienda mbali na wavu, shambulio la haraka la katikati limeshakufa. Mawazo yahamie pembeni. Yakiwa mazuri, macho yaende kwa seta: anaukuta mpira mbele ya paji la uso au juu ya utosi? Mgongo umeanza kupinda? Mpira ukishamtoka mikononi, uache uende, mtafute mpigaji, soma bega lake. Wapo wanaokisia mapema na kuruka na mpigaji wa kati bila kusubiri. Mara mojamoja inalipa, lakini seta mjanja akikugundua atakurusha hewani jioni nzima.

Mikono isubiri juu ya mabega, isianzie kiunoni. Ukiruka, ivuke wavu, vidole vimetanuka na kukazwa. Sheria inaruhusu kuvuka mradi usiuguse mpira kabla mpinzani hajapiga. Tena mguso wa bloku hauhesabiwi: mpira ukikugusa ukadondokea upande wenu, bado mna miguso mitatu. Kwa hiyo bloka aliyepunguza tu makali ya kombora, walinzi wa nyuma wakaliokota, amefanya kazi yake, ingawa jukwaani hakuna atakayepiga vigelegele.

Akitua, anageuka, anarudi hadi mstari wa mita 3, anakimbilia wavu na kuruka tena kana kwamba mpira ni wake. Mara nyingi si wake. Lakini bloka wa wapinzani akiruka naye, mpigaji wa pembeni anabaki na mtu mmoja wa kumkabili. Unapomtazama Trizah Atuka au Edith Wisa wa Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, mwangalie hasa mpira unapokwenda kwa mwingine.

Mazoezi yaanze bila mpira. Kwenda kulia: mguu wa kulia hatua fupi, wa kushoto uvuke kwa hatua ndefu, wa kulia ufunge na vidole vielekee wavuni. Uwanja wa udongo hapa unaushinda wa mbao, kwa sababu nyayo hubaki. Ukitua mbali na ulipoondokea, unaelea, na utamgonga mwenzako. Pima pia wavu katikati, mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Nyavu nyingi za shule zimelegea hapo, na kijana hudhani ameiva kumbe kamba ndiyo imechoka.

Kutua ni kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa. Hakuna anayeruka kama bloka wa kati, na kano iliyo chini ya kikombe cha goti ndiyo hulipa. Kifundo cha mguu nacho huumia akikanyaga mguu wa mpinzani chini ya wavu. Kocha ahesabu miruko na aipunguze wiki yenye mechi.

Tangu libero, mchezaji maalumu wa ulinzi wa nyuma, aingizwe katika sheria mwaka 1998, bloka wa kati akizunguka kwenda nyuma huanzisha mpira zamu yake, kisha hutoka kumpisha. Kwa timu za watu wazima sawa. Kwa watoto naupinga utaratibu huo: wanakua bila kujua kupokea mpira, na siku wakiacha kurefuka hawana nafasi nyingine ya kuhamia. Libero mwenyewe tutamchambua toleo lijalo.