Vichwa vinne vya Rubens kwa mchoraji wa Kamenge

Kijana wa Kamenge, Burundi, anayetaka kujifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta hana jumba la makumbusho mtaani lenye kazi za mabingwa wa kale. Simu anayo. Na ndani ya simu ipo picha moja ninayomsihi aanze kuinakili kabla hajaigusa Mona Lisa.

Ni kazi ya Peter Paul Rubens wa Antwerp, ya kati ya 1614 na 1616 hivi, inayotunzwa Brussels. Mwanamume mmoja Mwafrika amechorwa mara nne, kila mara kwa upande mwingine, na katika kichwa kimojawapo anatabasamu. Jina lake halikuandikwa. Katika miaka ya 1950, Ubelgiji ilipokuwa ingali inaitawala Burundi, benki yake ilivichapa vichwa hivyo kwenye noti ya faranga 500, upande wa pili akiwa Mfalme Leopold wa Pili. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka, na ndiyo sababu mojawapo ya kutaka sura hiyo irudi mikononi mwetu.

Sababu kubwa zaidi ni ngozi. Wanaoanza huchanganya kahawia na nyeusi, wakapaka uso mzima, na uso ukafa. Rubens anafundisha vingine: mng'ao wa paji la uso ni kijivu cha ubaridi, mashavuni mna wekundu, na kivuli kina joto lake. Kijivu hicho hakihitaji rangi ya bluu. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe na kuwekwa kando ya kahawia, jicho lenyewe huiona kama bluu. Rangi tano zinatosha: nyeupe, nyeusi, kahawia, na njano na nyekundu za udongo.

Picha igawanywe kwa miraba, na ubao uwe na miraba kama hiyo. Ubao upakwe kwanza kijivu chepesi chenye ukahawia, kisha uachwe ukauke. Vivuli vitangulie, kwa rangi iliyozimuliwa na tapentaini. Mafuta ya kitani yaongezeke kadiri tabaka zinavyopanda. Ukigeuza mpangilio huo, tabaka la juu litakauka kabla ya lile la chini, na picha itapasuka. Hapa haraka haisaidii, hasa wakati wa mvua.

Elimo Njau, Mtanzania aliyeanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alikataza kunakili. Kwake, kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Namheshimu, na kwa mtu anayeuza nakala maisha yake yote naona ana haki. Lakini Rubens mwenyewe, akiwa ameshapita miaka 50 na sifa zake zimeenea Ulaya, alikaa Madrid mwaka 1628 akinakili picha za Titian. Na Los Angeles, katika makumbusho ya Getty, ipo picha inayofanana sana na ile ya Brussels. Iliwahi kuhesabiwa kuwa ya Van Dyck, msaidizi wa Rubens, na leo inatajwa kuwa ya karakana ya Rubens. Ndivyo mikono ilivyofundishwa humo.

Nakala ikikauka, iwekwe kando isiuzwe. Kichwa cha tano kichorwe kutoka kwa mtu aliye hai: mjomba akalishwe dirishani asubuhi, jua halijawa kali, kwa rangi zile zile tano.