Mgeni wa Siku Mbili Penye Maporomoko ya Victoria

Wazee wetu husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Lakini wageni wengi waendao kuyatazama Maporomoko ya Victoria hawaifikii siku hiyo ya jembe. Hufika leo, hukaa kesho, na kesho kutwa hushika njia ya kwao. Siku ni chache, na mambo ya kutazama ni mengi. Basi yampasa mgeni kuchagua. Somo hili laeleza jinsi ya kuchagua, hasa kwa mtu asiyependa michezo ya kutisha, bali ataka kuona, kujifunza, na kurudi kwao salama.

Kwanza na tupajue mahali penyewe. Mto Zambezi waanza kaskazini ya Zambia, wapita katika nchi ya Angola, kisha warudi Zambia na kushuka kusini. Ufikapo mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mto huwa mpana sana, nao wenda polepole katikati ya visiwa vyenye miti. Mara ardhi yakatika mbele yake, na maji yote yaanguka katika ufa mmoja mrefu. Upana wa maporomoko ni mita 1,708, na kimo chake ni mita 108 hivi. Kishindo chake husikika mbali, na manyunyu hupanda angani kama moshi wa msitu uwakao. Wakati wa maji mengi moshi huo huonekana hata mtu akiwa mbali kilometa 40 na zaidi. Ndiyo sababu Wakololo waliyaita maporomoko hayo Mosi-oa-Tunya, maana yake Moshi Unaonguruma.

Huenda ukauliza, Je, ufa huo ulipatikanaje? Mwamba wa mahali hapo ni mweusi na mgumu. Ulitokana na moto wa chini ya nchi, uliomwagika kama uji zamani sana, yapata miaka milioni 180. Mwamba ule ulipopoa ulipasuka nyufa nyingi, na nyufa hizo zikajaa vitu laini. Maji hula kilicho laini upesi kuliko kilicho kigumu. Kwa hiyo mto uliuchimba ufa mmoja hata ukawa shimo refu, kisha ukaanza kuuchimba mwingine nyuma yake. Hivyo maporomoko yamerudi nyuma mara nyingi, nayo yameacha makorongo yapindayo huku na huku kama mwendo wa nyoka. Kazi hiyo haijakwisha hata leo.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za mahali hapo, Daktari David Livingstone, naye alikuwa mgeni wa muda mfupi. Alifika tarehe 16 Novemba, mwaka 1855. Wenyeji walimpeleka kwa mtumbwi mpaka kisiwa kilicho ukingoni kabisa, naye akatambaa mpaka kwenye ncha akachungulia chini. Kesho yake alirudi tena pamoja na Sekeletu, mfalme wa Wakololo, akapanda kisiwani kokwa za matunda na mbegu za kahawa. Hakujitupa majini wala hakutafuta sifa ya kuthubutu. Alipima, alitazama, aliandika. Na kwa kuwa aliandika vema, watu wa mbali walipata kujua aliyoyaona. Akayaita maporomoko kwa jina la Malkia Victoria wa Uingereza.

Siku hizi mgeni akifika huko, mara huambiwa habari za michezo ya ujasiri. Wako wajirushao kutoka darajani wamefungwa kamba ya mpira miguuni, wakashuka mita 111 kuelekea mtoni. Wako washukao kwa mashua za mpira katika maji yatokotayo ya makorongo. Tena wako waogeleao katika kidimbwi kilicho ukingoni mwa maporomoko, maji yapunguapo. Wengi hufanya hivyo wakapona, wakafurahi. Hata hivyo hatari ipo. Tarehe 31 Desemba, mwaka 2011, kamba ilikatika darajani, na mrukaji akaanguka mtoni hali miguu yake imefungwa. Kwa rehema za Mungu aliokoka. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo, au mama mja mzito, haimfai kabisa michezo hiyo. Wala mwenye afya halazimiki. Asiyetaka kuruka na aseme waziwazi kwamba hataki, wala asiogope kuchekwa. Wahenga walinena, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Basi, asiyeruka afanye nini? Mambo yako tele, nayo ni mazuri.

La kwanza ni kuyatazama maporomoko yenyewe kwa miguu. Upande wa Zimbabwe iko njia nzuri ipitayo mkabala wa maporomoko, ng'ambo ya ufa. Kila baada ya hatua chache pana mahali pa kusimama na kutazama. Njia hiyo yapita katika msitu mdogo ambao huwa kijani mwaka mzima, kwa sababu manyunyu huunyeshea hata wakati wa kiangazi. Hatua chache mbali na msitu huo nchi ni kavu, nyasi zimekauka. Mtoto mwenye akili ataona hapo mara moja jinsi maji yalivyo uhai wa nchi. Upande wa Zambia pia ziko njia, pamoja na daraja jembamba la waendao kwa miguu, ambalo wakati wa maji mengi humlowesha mtu kama aliyesimama katika mvua ya masika. Jua likiwaka, upinde wa mvua hutokea katika manyunyu. Na usiku wa mwezi mpevu, maji yakiwa mengi, huonekana upinde mwingine hafifu, uliofanywa na nuru ya mwezi.

Hapa lazima mgeni ajue majira. Mvua za nchi zile hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili, lakini maji yatoka mbali, tena hutandaa kwanza katika mbuga pana za Walozi kabla ya kushuka. Kwa hiyo mto hujaa sana mwezi wa Machi mpaka Mei. Miezi hiyo kishindo ni kikubwa, lakini manyunyu huwa mazito hata mtu asione chini. Mwezi wa Oktoba na Novemba maji hupungua sana, na upande wa Zambia sehemu kubwa ya mwamba hubaki mtupu. Mtu wa wakati huo afadhali atazame upande wa Zimbabwe. Miezi ya katikati, Juni mpaka Agosti, maji yangalimo ya kutosha, na macho hupata nafasi ya kuona.

La pili ni daraja. Daraja hilo la chuma lilifunguliwa mwaka 1905, nalo limesimama mita 128 juu ya mto. Cecil Rhodes alitaka gari la moshi lipite karibu na maporomoko hata manyunyu yaloweshe mabehewa. Lakini yeye alikufa mwaka 1902, asilione daraja wala maporomoko. Mgeni aweza kuomba ruhusa kwa maofisa wa mpakani, akatembea mpaka katikati ya daraja, akatazama korongo chini yake na misumari mikubwa ya chuma iliyoshika kazi zaidi ya miaka mia. Hapo atawaona wale wanaojirusha. Naye atapata kuwatazama bila kulipa kitu.

La tatu ni nyumba ya makumbusho katika mji wa Livingstone, upande wa Zambia, mwendo wa kilometa 10 hivi toka maporomoko. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1934. Humo mna zana za mawe za watu wa kale, vyombo vya makabila ya Zambia, na vitu vya Daktari Livingstone. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tunayo sababu ya kuvitazama kwa makini. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, watumishi wake waaminifu, Susi na Chuma pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti. Kisha waliuchukua mwili wake kwa miezi mingi, katika njaa na maradhi, mpaka Bagamoyo. Huo ndio ujasiri wa kweli, kwa maana walivumilia taabu kwa ajili ya wajibu, si kwa ajili ya kutazamwa.

La nne ni mashua ya jioni. Juu ya maporomoko mto ni mtulivu, na mashua huenda taratibu kati ya visiwa. Viboko hutoa masikio na pua juu ya maji, mamba hulala kwenye mchanga, na pengine ndovu huja kunywa, au hata kuvuka kwa kuogelea. Jua huchwa jekundu kama kaa la moto. Abiria na akae mahali pake, asitie mkono majini, wala asimhimize nahodha awakaribie viboko. Kiboko hula majani, lakini akikasirika hupindua mashua na kuua watu.

La tano ni kuwatembelea wenyeji. Karibu na maporomoko, upande wa Zambia, pana kijiji cha Mukuni, kijiji cha Waleya. Wageni huonyeshwa nyumba na kazi za mikono, hasa vinyago vya mti. Mgeni mwenye adabu huamkia wazee kwanza, tena hupiga picha baada ya kupewa ruhusa. Akinunua kinyago, na alipe bei ya haki. Kijiko cha mti kilichochongwa siku nzima si kitu cha kuombwa bure.

Mambo hayo matano hayafai kufungwa yote katika siku moja. Mgeni wa siku mbili na afanye hivi: siku ya kwanza, asubuhi na mapema, atazame maporomoko kabla jua halijawa kali, adhuhuri apumzike, jioni apande mashua. Siku ya pili asubuhi aende makumbusho au kijijini, na alasiri atembee darajani. Yatakayobaki na yabaki. Mtu akimbiaye kutoka jambo hadi jambo hurudi kwao na picha nyingi, wala hawezi kusimulia hata moja. Mwenda pole hajikwai.

Yako maonyo machache. Mawe yaliyoloa huteleza, kwa hiyo vaa viatu vinavyoshika, wala usivuke ua wala alama iliyowekwa ukingoni. Chukua koti la mvua, na karatasi zako uzitie katika mfuko usiopenya maji. Nyani wa huko wamezoea watu, nao hunyang'anya chakula. Usiwape, wala usikishike mkononi. Usitembee usiku nje ya mji, maana ndovu nao wana njia zao. Lala ndani ya chandarua, kwa sababu mbu wa homa ya malaria wako.

Wanafunzi, Mungu ametupa macho ya kutazama na akili ya kufikiri, navyo vyataka nafasi. Moyo upigao kwa hofu huisikia hofu yake tu. Moyo uliotulia huyasikia maji.

MASWALI

1. Kwa nini maporomoko yaliitwa Moshi Unaonguruma?
2. Eleza jinsi mto ulivyoyachimba makorongo.
3. Kwa nini mto haujai mara mvua zianzapo kunyesha?
4. Susi na Chuma walionyesha ujasiri gani? Ulinganishe na ujasiri wa wajirushao darajani.
5. Rafiki yako ataka mruke pamoja, nawe hutaki. Utamwambia nini?
6. Andika habari za mahali pazuri karibu na kwenu, na jinsi mgeni wa siku mbili apaswavyo kupatazama.