Musa Mlimani, Yoshua Bondeni



Bila shaka unaikumbuka Afcon iliyochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Wenyeji walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, kocha Jean-Louis Gasset akafungashiwa virago, msaidizi wake Emerse Faé akakabidhiwa timu. Februari 11, wachezaji walewale waliifunga Nigeria 2-1 wakabeba kombe.

Ukisema basi kocha ndiye kila kitu, nitakuuliza habari za Claudio Ranieri. Mwaka 2016 aliipa Leicester City ubingwa wa England. Februari 2017 kibarua kikaota nyasi, timu ikichungulia kushuka daraja. (Utaniambia Kanté alikuwa amekwisha kuhamia Chelsea. Kumbe unakubali kwamba wachezaji nao wana neno!)

Mchezo wenyewe nao una lake. Kocha wa mpira wa kikapu huomba muda, mchezo ukasimama, akachora ubaoni, na mchezaji aliyemtoa aweza kumrudisha. Wa soka, filimbi ikishalia, hubaki akipaza sauti pembeni mwa uwanja. Wa raga mara nyingi huketi juu jukwaani, nahodha ndiye anayeamua.

Musa naye aliketi juu. Soma Kutoka 17. Yoshua yuko bondeni na upanga, Musa yuko kilimani na fimbo ya Mungu mkononi. Mikono ikiinuka, Israeli inashinda. Ikishuka, Amaleki anashinda. Mikono ikachoka. Haruni na Huri wakamwekea jiwe akalie, wakamshika mikono, huyu upande huu na huyu upande ule, hadi jua likazama. Na katika sura hiyohiyo, mistari michache nyuma, watu walikaribia kumpiga Musa mawe kwa sababu ya maji.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa paroko kijana, waamini walimwandikia askofu nihamishwe. Kwaya imegawanyika, watoto wa mafundisho wamepungua, jumuiya zimelala. Niliisoma ile barua nikiwa na hasira, kisha nikaisoma tena. Nusu yake ilikuwa kweli. Kilichoniuma zaidi ni sahihi ya katekista, mzee niliyemwamini.

Jioni nilikwenda kwake. Alinikaribisha, akanivutia kigoda.

“Mzee, hata wewe?”

Alinyamaza kidogo. “Baba, tulikuona unachoka. Tukangoja utuite. Hukutuita.”