ATV ya watu wawili: Itakufaa wapi kati ya Lodwar na Kakuma?

Safari ya Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120 kwa barabara kuu. Kazi huanza unapoiacha lami kuelekea kijijini. Huko kuna mchanga mzito wa laga, mawe na miiba ya mathenge, au etirae. Pikipiki huzama na abiria hulazimika kushuka kusukuma. Kwa mkazi, kikundi au shirika linalofikiria kununua pikipiki ya magurudumu manne, maarufu kama ATV, haya ndiyo ya kufahamu.

Si kila ATV hubeba abiria

ATV nyingi zimeundwa kwa dereva peke yake. Ya watu wawili ina umbo refu zaidi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Pia ina kiti cha pili chenye egemeo, vishikio na mahali pa abiria kuweka miguu. Urefu huo una maana: ukipanda ukingo wa laga, uzito wa abiria huvuta nyuma, na chombo kifupi kinaweza kuinua mbele na kupinduka. Usipakie mtu kwenye ATV ya mtu mmoja, hata kama kiti kinaonekana kuwatosha wawili.

Nguvu mchangani

Mfano mmoja unaojulikana, Polaris Sportsman Touring 570, una injini ya sisi 567 yenye nguvu farasi 44, inayopozwa kwa maji. Dereva hahitaji kubonyeza klachi. Dereva huchagua gia ya kasi au gia nzito, na anaweza kuyatumia magurudumu yote manne mchanga ukizidi.

Siri nyingine ni tairi. Ni pana, na upepo wake huwa takriban pauni 5 hadi 7 tu, ilhali wa pikipiki hukaribia 30. Tairi laini hutandaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Hata hivyo, haizuii miiba. Beba vifaa vya kuziba panchari, pampu, na kipimo cha upepo kinachosoma viwango vya chini.

Piga hesabu ya uzito

Kikomo cha uzito huandikwa kwenye chombo na katika kitabu chake, na hujumuisha watu pamoja na mizigo. Tuseme kikomo ni kilo 240. Watu wawili wa kilo 70 kila mmoja huchukua 140, zinabaki 100. Mtungi wa lita 20 za maji ni kilo 20. Muuguzi na mwenzake wanaopeleka chanjo wanaweza kutoshea pamoja na boksi la baridi, maji na vifaa vyao. Mgonjwa asiyeweza kukaa mwenyewe na kujishikilia asipandishwe. Huyo anahitaji ambulensi.

Mahali isipofaa

Watengenezaji huonya dhidi ya kuendesha ATV kwenye lami, kwa kuwa tairi zake laini hufanya usukani kuwa mgumu kudhibiti. Kwa hivyo, kutoka Lodwar hadi Kakuma, ibebe kwa lori au pikapu, kisha uishushe pale njia ya mchanga inapoanzia.

Hatari kubwa zaidi ni mafuriko. Kawalase pale Lodwar na Tarach pale Kakuma zinaweza kujaa ghafla hata kama mvua imenyesha mbali. Sentimita 30 za maji yaendayo kasi zinaweza kuelea gari dogo. Tairi za ATV zimejaa hewa, hivyo zile zile zilizokusaidia mchangani ndizo zitakazokuinua majini.

Kabla ya kulipa

- Uliza NTSA kuhusu usajili na aina ya leseni inayohitajika.
- Hakikisha una bima.
- Uliza vipuri na fundi vinapatikana wapi.
- Nunua helmeti mbili, ya dereva na ya abiria.

Wakazi mnakumbushwa: laga ikifurika, simameni ng'ambo msubiri maji yapungue. Hakuna chombo cha kushindana nayo.