Jiko likipiga shoti, ndala si dawa

Katika nyumba nyingi kuna sheria moja ya jikoni ambayo haijaandikwa popote: kabla hujagusa jiko la umeme, vaa ndala. Mama anaijua, dada wa kazi ameshaambiwa, na mgeni akitaka kusaidia kupika anatahadharishwa mapema, "Hilo jiko linarusha kidogo." Asiyeijua sheria hiyo ni mtoto wa miaka mitatu aliyetoka kuoga, pekupeku na mwili bado una maji, anayekimbilia harufu ya keki kwenye oveni.

Ndala hupunguza umeme unaopita mwilini kwenda ardhini, lakini hazirekebishi kitu. Hitilafu inabaki palepale, ikimsubiri atakayesahau kuzivaa. Jiko zima halirushi, hata kidogo.

Umeme unavujaje?

Iwe ni oveni, jiko la sahani au mashine ya umeme ya kukaushia na kufukizia samaki, joto linatoka kwenye koili. Ndani ya bomba la koili kuna waya mwembamba uliozungukwa na unga mgumu unaozuia umeme usiguse chuma cha nje. Bomba likipata ufa au kutu, au unga ule ukifyonza unyevu, umeme huanza kuvujia kwenye bati la jiko. Mafuta, mchuzi na maji ya chumvi ya samaki yanayodondokea ndani huharakisha uharibifu huo.

Watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo maana jiko la bati huja na waya wa tatu, wa kijani wenye mstari wa njano, ambao mafundi huuita ethi. Umeme ukivuja, waya huo huupeleka ardhini badala ya kupita mkononi mwako. Kwa hiyo jiko linaporusha, mara nyingi yameharibika mambo mawili kwa pamoja: umeme unavuja, na ethi haifanyi kazi.

Anza na plagi. Soketi zetu zina matundu matatu, na lile la juu ni la ethi. Majiko mengi huja na plagi ya miguu miwili ya duara, ambayo ethi yake ni vibati vya pembeni. Watu hutumbukiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi hiyo iingie. Jiko linawaka, lakini ethi haijagusa kitu chochote. Kama ndivyo mnavyofanya nyumbani, umeshapata nusu ya jibu.

Mambo ya kuchunguza mwenyewe

Chomoa plagi kwanza na uache jiko lipoe. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Tazama plagi kama imeungua, imeyeyuka au ina weusi. Kama ni ya kufunguka, waya wa kahawia uwe kwenye L, wa bluu kwenye N, na wa kijani na njano kwenye E, zote zikiwa zimekazwa. Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kiwango kilekile. Usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya.

Pitisha macho kwenye waya wote. Uliochubuka au kuungwa kwa selotepu ubadilishwe. Jiko la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampia 9, mzigo unaoweza kuyeyusha ekstensheni nyembamba. Lichomeke moja kwa moja ukutani.

Kisha soma dalili:

- Haliwaki kabisa: jaribu soketi hiyo kwa taa ya mezani. Taa ikiwaka, tatizo huenda liko kwenye fyuzi, plagi au waya wa jiko.
- Taa yake inawaka lakini halipati moto: huenda koili imekatika au kidhibiti joto kimekufa.
- Breka inakata mara tu ukiwasha: huenda kuna nyaya zilizogusana, au umeme unavuja.
- Breka inakata baada ya dakika chache: koili inaweza kuwa inavuja, hasa kama jiko limekaa muda mrefu bila kutumika na kushika unyevu.
- Breka inakata pale tu pasi nayo inapowashwa: huenda jiko ni zima, ila laini imezidiwa.

Breka ikikata mara ya pili, acha kuirudisha. Inakuambia kitu.

Pa kuishia

Kufungua bati la jiko, kupima kwa mita na kubadilisha koili ni kazi ya fundi. Mwambie apime uvujaji wa koili na ethi ya nyumba nzima, asibadilishe plagi tu akaondoka. Kwa kazi ya nyaya za nyumba, muulize leseni yake. Hapa Tanzania hutolewa na EWURA.

Wazazi wengi huamini kwamba fyuzi itamlinda mtoto. Fyuzi ya ampia 13 hulinda waya usiungue, na umeme mdogo sana kuliko huo unatosha kuua. Kinga ya mtu ni swichi ambayo mafundi huiita RCD. Ya majumbani kwa kawaida hukata umeme ukivuja ampia 0.03, kwa muda usiofika sekunde moja. Iangalie kwenye boksi la breka. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze. Umeme usipokatika, au usipoiona kabisa, mwite fundi.

Kama umepanga, ethi ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba. Mwandikie ujumbe ili ubaki na kumbukumbu. Wakati unasubiri, jiko likae limechomolewa, hata kama ni kurudi kwenye mkaa au gesi kwa wiki mbili.

Na mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima meinswichi kwanza, kisha mpelekeni hospitali hata akisema yuko sawa. Mfundishe hilo dada wa kazi leo, pamoja na watoto wakubwa, na uwaonyeshe meinswichi ilipo.