Namba yako imo kwenye orodha? Seva inavyojibu

Leo siasa naziweka pembeni. Vijana wenzangu wa Kasulu na Kibondo wanaojifunza kutengeneza tovuti wananiuliza sana: ukijaza fomu, seva inajuaje kama ulichoandika kimo kwenye orodha yake?

Kwenye PHP orodha hiyo inaitwa arei. Mfano:

$wilaya = array("Kigoma", "Kibondo", "Kasulu");

Kisha unauliza: in_array("Kasulu", $wilaya). Seva inapita moja moja toka mwanzo. Ikikuta inajibu ndiyo na kuacha kutafuta, ikimaliza bila kukuta inajibu hapana. Haina hekima zaidi ya hapo. Andika "kasulu" kwa herufi ndogo uone, inakukana! Na mtu wa Kakonko atakataliwa, maana orodha hiyo ni ya kizamani: Kakonko ilimegwa Kibondo, na Buhigwe ikamegwa Kasulu, mwaka 2012. Hapo usilaumu PHP, rekebisha orodha.

Sasa kwenye namba ndiyo kuna balaa. Chukulia chama cha wakulima wa maharage: kadi za Kibondo zinaanza na sifuri, za Kasulu hazina. Mama wa Kasulu mwenye kadi 12 kaidhinishiwa mbolea, yumo kwenye arei. Anakuja mtu wa Kibondo mwenye 012, ambaye hayumo. Ukiuliza in_array("012", $kadi), jibu ni ndiyo! PHP ikiona maandishi mawili yanayosomeka kama namba, inayalinganisha kama namba, na sifuri ya mbele haina thamani. Mbolea ya mama imekwenda hivyo.

Dawa ni neno moja tu:

in_array("012", $kadi, true)

Hiyo true inamaanisha linganisha kwa ukali, thamani na aina yake. Ila angalia, kinachotoka kwenye fomu huja kama maandishi, kwa hiyo kwenye arei pia andika "12" na alama zake za kunukuu, la sivyo hata mwenye haki atafukuzwa.

Kuna watakaosema PHP 8 ilimaliza tatizo hili. Siyo kweli. Toleo hilo la Novemba 2020 liliondoa kituko kingine, cha 0 kuhesabiwa sawa na "Kasulu". Hili la "012" na "12" bado lipo.