Kisu Kidogo Kisichokunjwa

Aghalabu mtu anayejiandaa kulala porini, awe mrina asali wa misitu ya Bukombe, au mgeni aendaye kupiga hema kisiwani Rubondo, au mchimbaji mdogo ambaye duara lake la machimbo li mbali na soko hata imemlazimu kujipikia, huchagua kisu cha kukunja kwa sababu chaingia mfukoni bila ya taabu. Naye hatambui kwamba pale penye bawaba ndipo ulipo udhaifu wake wote, kwani vumbi la mawe na tope la msimu wa mvua hujaa humo, kutu ikafuata, na siku bapa litakapolemewa na kazi hujikunja ghafula likavikata vidole vya mwenyewe.

Kisu kisichokunjwa hakina kiungo cha kulegea. Ubora wake mkubwa umefichwa ndani ya mpini: ni ule mkia wa chuma, uliofuliwa pamoja na bapa kuwa kitu kimoja, ambao katika kisu kizuri hufika hadi mwisho wa mpini, ilhali katika kisu hafifu huwa kijiti chembamba kilichochomekwa kwenye plastiki. Bapa la sentimita 8 hadi 10, lenye unene wa milimita 3 au 4 mgongoni, latosha kuchonga vigingi, kukata kamba, kupasua viroba na kuchuna mbuzi. Kuangusha miti ni kazi ya panga.

Nchi hii ya Kahama na Geita si ngeni katika sanaa ya chuma. Warongo, wahunzi wa kale wa huko, waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, majembe yao yakaenea hata Usukumani, na uyeyushaji wa Kahama ukaandikwa na C. C. de Rosemond katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1943. Leo mhunzi hayeyushi tena. Huokota springi ya gari iliyovunjika, wala hakuokota kitu duni, maana chuma hicho aghalabu kina kaboni kiasi cha 0.6 kwa mia, nayo ndiyo imwezeshayo kukitia ugumu.

Hapa msomaji na anivumilie, kwa kuwa ndipo ulipo ustadi wenyewe. Chuma kikipashwa moto hadi nyuzi 800 na ushei za Selsiasi, kaboni huenea ndani yake. Kikichovywa ghafula katika mafuta, kaboni hiyo haipati wasaa wa kurudi mahali pake, hunaswa humo, na chuma kikawa kigumu. Maji matupu hukipoza upesi mno, hata bapa jembamba likapata ufa. Wala mhunzi hana haja ya kipimajoto, kwani sumaku ya spika mbovu itamwambia: chuma kikifikia nyuzi 770 hivi sumaku haikishiki tena, basi akiongezee moto kidogo, kisha akichovye. Lakini kitokacho katika mafuta hakijawa kisu bado; ni kama chupa, kikianguka juu ya jiwe huvunjika. Sharti kisuguliwe king'ae, kirudishwe kwenye moto mpole wa nyuzi 220 hivi, mpaka uso wake ugeuke rangi ya nyasi kavu. Hapo hupungukiwa na ugumu kidogo na kupata ustahimilivu mwingi. Mhunzi mwenye haraka huiruka hatua hii, na taksiri yake humdhihirikia mnunuzi akiwa porini, mbali na kisu kingine.

Mpini wa mninga wafaa sana, maana mti huo ukishakauka haupindi wala haupasuki kwa wepesi. Chuma cha springi hushika kutu, kwa hiyo kipakwe mafuta ya kupikia, wala kisilazwe ndani ya ala ya ngozi iliyolowa.

Basi ewe unayenunua kisu gulioni, Kahama au Katoro, chukua tupa ndogo uiburure kwenye makali: ikiteleza au ikila kwa shida, chuma kimetiwa ugumu, ikila kama ilavyo msumari, kirudishe. Kisha mwulize mhunzi kama alikirudisha motoni baada ya mafuta. Asiyeweza kulijibu swali hilo, usinunue kisu chake.